Mchuzi wa Ndimu Siku ya Komunyo Yangu

Mtu akiponda kitunguu saumu na pilipili, kisha akakamulia ndimu juu yake, mimi narudi Beni. Naweza kuwa hapa Butembo katikati ya soko, harufu ile ikinifikia tu, niko tena kwenye parseli yetu, kiwanja cha nyumba yetu, nimevaa gauni jeupe la komunyo ya kwanza, nimenuna, nimewakasirikia watu wote wa nyumba ile. Na nilikuwa na sababu, ngojeni niwaambie.

Ilikuwa miaka ya vita. Waasi walikuja, wakaondoka, wakaja wengine wenye jina jingine na njaa ileile. Mji mzima ulijua tabia yao: walifuata harufu. Ukikaanga makayabo, wale samaki wa chumvi, au ukichoma mbuzi, hukai sana utasikia buti mlangoni. Kwa jirani yetu walikuja siku ya harusi ya binti yake, wakamaliza mbuzi, wakabeba na masufuria. Bibi harusi alibaki na sahani tupu mapajani. Tangu hapo mtaa wetu uliacha sherehe. Watu walitoka kanisani, wakapeana mikono, kila mtu akaenda kwake.

Tantine Kavira alikataa. Huyu alikuwa dada mdogo wa baba, mfanyabiashara, mfupi, mwenye sauti ya kuuza vitenge mpaka ng'ambo ya barabara. Kabla ya vita alikuwa akipanda ndege kwenda Asia kununua bidhaa, na huko alipanga chumba kwa mama mmoja wa Kivietnamu. Siku fulani za mwezi mama yule hakugusa nyama wala samaki, kwa ajili ya dini yake, na siku hizo alitengeneza mchuzi wa kumwagia mboga mbichi. Tantine hakuwahi kuonja kitu kitamu akaacha kuuliza kinatengenezwaje.

"Masika atafanya fête yake," alimwambia mama yangu; Masika ni mimi, na fête ni sherehe. "Batu batakuya, batakula, batashiba. Na bale benye bunduki habataonja hata kidogo!"

Akaloweka uyoga mkavu katika maji ya chumvi, ndani ya chupa, akaiweka juani juu ya bati. Uyoga ule, alisema, utashika nafasi ya samaki. Siku zilivyopita maji yakawa meusi, na ukiyaonja, wallahi ulimi ulisema samaki. Asubuhi ya komunyo akaponda saumu na pilipili, akatia sukari, ndimu nyingi, yale maji ya uyoga, na maji matupu kidogo. Akatuonjesha kwa kijiko. Mama alitaka ndimu zaidi, mimi nilitaka sukari, yeye hakumsikiliza mtu. Akakoroga mpaka uchachu, utamu, chumvi na ukali vikaacha kugombana. Kisha akakatakata kabichi na karoti, akachanganya na avoka, yaani parachichi, na karanga, beseni zima.

"Na bukari?" nikauliza.

Ninyi mnaonisoma kutoka mbali, jueni kwamba kwetu, bila bukari, ule ugali wetu wa muhogo, mtu hahesabu kwamba amekula. Hata ukimaliza mkungu wa ndizi, fête bila bukari ni dharau.

"Hapana bukari leo," alisema Tantine.

Mama akanitetea kwa wifi yake. "Moto kidogo tu, mulamu wangu. Bukari haina harufu."

"Nimesema hapana!"

Basi wageni wakaketi nyuma ya nyumba, wakala kwa mikono. Mchuzi uliwatiririka mpaka viwikoni. Mama yangu wa ubatizo, mwanamke mzito asiyeficha kitu, alitoka jasho la pilipili, akamsifu Mungu, akaomba tena. Mimi pia nilikula, nikaongeza, huku nimenuna vilevile.

Ndipo buti zikaja. Mkubwa wao aliingia akivuta hewa kwa pua. Akagusa mbabula, jiko letu la makala: baridi. Tantine akainuka. "Karibu, afande, tukule."

Mkubwa yule akatazama majani yaliyobaki katika beseni. "Miye si mbuzi," alisema, kisha akanigeukia mimi. "Mutoto, leo si fête yako? Balikupikia nini?"

Nikapasuka. "Hapana kitu! Balikatala hata kunipikia bukari! Siku ya komunyo yangu, balinipa majani na ndimu!" Nikalia machozi ya kweli, mpaka gauni likalowa.

Yule mtu akaona haya, nawaambia ukweli. Akapapasa mfukoni, akanipa biskuti ya jeshi. "Tokende," aliwaambia wenzake, twendeni, "hapa kuna njaa."

Buti zilipofika mbali, mama yangu wa ubatizo akajiziba mdomo kwa kitenge, akacheka mpaka akashika ukuta. Tantine alininyang'anya biskuti, akaenda kuitupa chooni. Nilimchukia siku nzima.

Kwa miaka mingi niliamini Tantine aliogopa moshi tu. Lakini bukari haina harufu, mama alisema mwenyewe. Nilielewa nilipokuwa namvalisha binti yangu gauni lake la komunyo, nikimwonya asiseme uongo. Tantine alijua wale watu huwauliza watoto. Angeweza kunifundisha la kusema. Badala yake aliniondolea bukari, akaniacha na ukweli wa kulilia. Hakukubali waichukue fête yangu, na hakukubali wanifanye mwongo nikiwa bado nimevaa gauni jeupe.

Leo nautengeneza mchuzi ule mlango ukiwa wazi, na bukari ya moto pembeni, na anayetaka kunusa anuse. Watu wakinihurumia kwa komunyo yangu ya majani nawakatiza. Tulikula, nawaambia. Tulishiba. Wao ndio waliotoka na njaa yao, wakatuachia na biskuti.