Sauti ya Mtafsiri wa Filamu

Kila jioni katika ukumbi wa video wa Nyakabiga, mtafsiri huvua viatu, hufuta maikrofoni kwa ncha ya shati, kisha hutusemea tamthilia nzima ya polisi kwa Kiswahili, peke yake: wezi, mahakimu, hata mbwa. Mpelelezi wa kiume humpa sauti nzito, na mwenzake wa kike humpa sauti laini inayotuchekesha sote, ila yeye hacheki. Koo likimkauka, hunyoosha mkono nyuma bila kutazama, na Sumaya, anayeuza chai mlangoni, humshikisha kikombe.

Jana wapelelezi hao wawili walibaki peke yao ofisini. Mwanamume akasema neno moja fupi, akanyamaza. Mtafsiri hakunyamaza.

“Mi nimezoea mukono yako,” alisema, kwa sauti yake mwenyewe ambayo hatukuwa tumewahi kuisikia. “Siku hauji, koo inanikauka hata nikikunywa maji. Ukikubali, nitakuja kwenu kuona wazazi.”

“Mutafsiri!” mama mmoja akapaza sauti. “Uyo mupolisi amefunga kinywa zamani!”

Ukumbi mzima ukageukia mlangoni. Sumaya alikuwa ameinamisha birika, na chai ilikuwa ikifurika kikombeni.

“Mumuache amalize,” alisema.