Mama Aliposhinda Shindano la Moshi

Mwaka juzi mama yangu alishinda shindano ambalo hata hakujua kama lipo.

Alipigiwa makofi ukumbini Tunduma, yeye akiwa kwake Mbebe, huko Ileje. Na mimi mwanaye ndiye niliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Naitwa Anania. Nauza vipuri vya malori hapa mpakani. Nina pikapu, nina jenereta dukani, nyumbani mkaa unaletwa kwa magunia. Maisha fresh tu.

Sasa kukawa na semina ya mazingira. Mwezeshaji, dada mmoja anaitwa Restuta, akatugawia karatasi. Kila mtu apige hesabu ya hewa ukaa anayozalisha: mafuta ya gari, mkaa, nyama, umeme. Halafu ajilinganishe na ndugu yake mmoja.

Ya kwangu ilikuwa noma. Nilikuwa wa kwanza kwa uchafuzi. Watu wakanicheka.

Nikasema subirini, niwaoneshe nilikotoka. Nikampigia mama, nikaweka spika.

"Mama, kuni unatumia kiasi gani kwa wiki?"

"Kamzigo kamoja, mwanangu. Na kenyewe kanabaki."

"Nyama je?"

"Nyama ya nini tena?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Na taa?"

"Giza likiingia nalala."

"Mwaka huu umesafiri?"

"Nisafiri niende kwa nani, Anania?"

Wakacheka tena. Na mimi nikacheka.

Restuta akajumlisha. Mama alikuwa na kiwango kidogo kuliko watu wote waliotajwa siku ile. "Huyu ndiye mfano wa kuigwa," akasema. Wakampa zawadi ya jiko banifu, lile la kutumia kuni chache. Nikakabidhiwa mimi nimpelekee.

Jiko lilikaa nyuma ya pikapu wiki tatu. Leo mzigo wa Zambia, kesho foleni ya malori, keshokutwa nimechoka. Mnajua wenyewe.

Jumamosi moja nikasema liwalo na liwe. Nikakata kona pale Mpemba, nikashika barabara ya Ileje.

Nilimkuta mama ameketi mlangoni. Sikumtambua haraka. Gauni lilikuwa limemmeza. Miguu imevimba, mikono imebaki mifupa.

"Umekuja, mwanangu," akasema. Hakuweza kuinuka.

Nikaingia jikoni. Mafiga yalikuwa ya baridi, kuku ametaga katikati yake.

Pembeni kulikuwa na magunia mawili ya mahindi niliyomtumia baada ya mavuno. Moja halijafunguliwa. La pili limepungua kidogo tu.

Jirani yake, mama Tabita, akanivuta pembeni.

"Miguu imemkataa tangu masika. Mashineni hafiki, kuni hawezi kubeba. Nikipata kamzigo namletea. Nikichelewa, analoweka mahindi kwenye maji anatafuna hivyohivyo."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alinikataza. Alisema una shughuli zako mpakani, usisumbuliwe."

Nilikaa chini palepale kwenye majivu.

Nikambeba hadi kwenye pikapu. Alikuwa mwepesi kama mtoto. Hospitali alikaa siku nne. Daktari akaniambia mwili umekosa chakula kwa muda mrefu mno.

Siku ya tano tulirudi naye Mbebe, kuzika.

Ndugu zangu, mama hakuwa analinda mazingira. Mama alikuwa anakufa njaa, ndani ya nyumba yenye mahindi, na sisi tukamwita mfano wa kuigwa.

Jenereta nimeliuza. Dukani naenda kwa miguu, pikapu naitoa kukiwa na mzigo. Restuta akiniita kwenye semina zake naenda, na mtu akisema bibi yake anatumia kidogo, namuuliza: amechagua au amekosa?

Wa kupunguza ni sisi tuliojaaliwa vingi. Ila ukisikia mzazi wako anatumia kidogo, usipige makofi.

Nenda ukafunue sufuria yake.