Glavu ya Ngao

Siku za mwizi ni arobaini, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi katika chumba cha wachoraji cha gazeti la kila wiki. Humo mwizi alikuwa amekaa miaka kumi na moja, ana kiti chenye mto, na watu wanamwita Mwalimu.

Aliyeibiwa wote walimjua kwa jina la Wino, kwa kuwa vidole vyake havikutakata hata siku ya harusi yake. Aliingia humo akiwa na miaka kumi na tisa na daftari lenye shujaa wake, Ngao, mtu wa kukunja vyuma kwa mikono, mwenye glavu moja nyeusi mkono wa kulia. Uso ulikuwa wa baba yake, fundi bomba, aliyekuwa amezikwa mwaka uliotangulia.

Mwalimu alilifunua daftari, akaguna. "Niachie nikuangalizie, mwanangu. Ila mkono bado hujaujua. Hivi vidole viwili mbona vimekakamaa?"

Akavinyoosha mwenyewe kwa kalamu yake. Wiki ya tatu Ngao akawa gazetini, na chini yake jina la Mwalimu. Wino alipouliza, akapewa meza ya dirishani na kazi ya kumchora adui. Nyumbani walikuwapo mama na wadogo zake wanne wa kulishwa. Akaikubali meza, na lile jambo akaliweka moyoni. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Ukurasa wa katuni ulianzia kwa Mwalimu, akamchora Ngao, kisha ukaja kwa Wino, naye akamweka Kutu, yule jahili ambaye akipumulia chuma kinaoza. Kila wiki Kutu alipigwa. Kila wiki Wino alichora taya likipasuliwa na mkono wa baba yake, na sifa zikaenda meza ya Mwalimu. Alimchukia yule mzee kwa moyo mweupe, bila kujionea aibu.

Ndipo akaja mhariri mpya, mwanamke asiye na mchezo. "Wasomaji wamechoka na ngumi," alisema. "Hawa wawili wakimaliza kupigana wanakwenda wapi? Kila mmoja wenu achukue nusu ukurasa anionyeshe."

Mwalimu akamchora Ngao amesimama juu ya paa akiutazama mji. Wiki iliyofuata akamchora juu ya paa jingine.

Wino, yeye, alimpa Kutu nyumba. Akampa mama mkwe aliyemkataza kupumua karibu na sufuria zake, na kijiko cha mti cha kulia chakula. Akampa binti aliyetaka baiskeli, na baba mtu akaisukuma mtaa mzima amebana pumzi, macho yamemtoka. Barua zikamiminika. Watu walimpenda Kutu, na shujaa akabaki juu ya paa kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Barua chache za Ngao ziliuliza mambo mawili: analala wapi, na kwa nini haivui ile glavu?

"Ni siri," alijibu Mwalimu.

"Siri ya nani, kama hata wewe huijui?" akauliza mhariri.

Wino alicheka ndani kwa ndani. Wiki ile akalipasua bomba la nyumbani kwa Kutu. Kutu akaita fundi. Akaja fundi na mkoba wa turubai, akavua glavu nyeusi, akaiweka mezani na vipande viwili vya pamba vilivyofinyangwa kama vidole, kisha akaingiza mikono chini ya sinki, isionekane. Wale maadui wakatambuana. Fundi akaziba bomba, akanywa maji, akaenda zake.

Gazeti lilipotoka, mji mzima ukajua Ngao ni nani. Na sehemu iliyofuata, ya kuonyesha mkono wenyewe, ilikuwa zamu ya Mwalimu.

Alichora mkono wenye vidole vitano, akaukodolea macho hadi saa nane mchana, kisha akaja na karatasi dirishani, akavuta kiti. Akanong'ona, "Wino, ni vidole gani?"

"Sijasikia, Mwalimu."

Mhariri alisimama mlangoni, amekunja mikono. Mzee akapaza sauti. "Nasema, shujaa wako hana vidole gani?"

"Wangu?"

"Wako."

"Basi liandike. Jina langu, pale unapoandikaga lako."

Akaliandika. Herufi zilipinda, na Wino hakumwonea huruma hata chembe. Miaka kumi na moja aliingoja sura ile, na sasa akaitazama mpaka akatosheka.

"Cha pete na cha mwisho," akasema. "Mashine ya kukatia mabomba iliviondoa. Nilivichora vimekakamaa kwa sababu vilikuwa pamba, wewe ukasema sijaujua mkono. Ni mkono wa baba yangu. Futa."

Mwalimu akachukua raba, akafuta kidole kimoja, kisha cha pili. Alipotaka kunyanyuka, Wino akamrudisha kitini kwa jicho.

"Hivyo vitatu vilivyobaki uvichore vizuri," akasema. "Ndivyo vilivyonishika mkono nikajifunza kuchora."