Mchuzi wa Kamongo

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa moto kwa jirani, meno ya mbele ndiyo kwanza yanarudi, wakati kinamasi kilichokuwa chini ya boma letu kilipokauka. Sisi watu wa Busia tumezoea maji kuja na kuondoka, lakini mwaka ule yaliondoka kama mume aliyepata mwingine mbele. Mafunjo yalikufa yakiwa yamesimama. Matope yalipasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto. Wanaume walivusha ng'ombe upande wa Uganda kutafuta majani, baba yangu alikuwa taniboi wa lori na miezi ilipita bila kumwona, na nyumbani tukabaki wanawake na ule unga wa njano wa kugawiwa kwa chifu, ambao ukiula unashiba uchovu tu.

Chini ya matope yale alilala kamongo. Kwa asiyemjua, huyo ni samaki mrefu, mnene kama mkono wa mwanamume, na maji yakikauka yeye hafi. Anachimba shimo, anajikunja humo, anajifunika ute unaokauka kama karatasi, anaacha kitundu cha kupumulia, basi, analala mpaka mvua irudi. Mjukuu wangu alinisomea kitabuni kwamba muda wote huo anaishi kwa kula nyama ya mwili wake mwenyewe, polepole. Nilimwambia hilo halihitaji kitabu. Wanawake wanaoishi hivyo nimewaona wengi.

Kwetu kamongo alikuwa chakula cha wanaume. Mwanamke alimpasua, akampika, akampakua, lakini akimwonja tu, tumbo linafungwa na hazai tena. Na usidhani ilikuwa hadithi ya kutisha watoto. Ushahidi ulitembea njiani kila siku: jirani yetu Nabwire, mwanamke mzuri wa kiuno chembamba, miaka minane kwenye ndoa na hakuna hata mtoto mmoja. Kisimani walisema alimla kamongo kwa shangazi yake kule Uganda, akiwa msichana mlafi. Mimi mwenyewe nililisambaza neno hilo hadi soko la Matayos, na sikuwa nimefikisha miaka tisa.

Katika ukame huo mama alijifungua mtoto wake wa saba, Wandera. Maziwa yalitoka siku chache, kisha yakakata. Mama alikuwa amebaki macho na mifupa ya shingo. Mtoto alivuta, akalia, akavuta, na baada ya wiki mbili kilio chake kikawa kama cha paka aliyefungiwa ghalani. Hospitali ya masista kule Nangina ilikuwa mbali, na mama hakuweza hata kufika mlangoni bila kushika ukuta. Kila asubuhi niliamka nikisikiliza kwanza kama mtoto bado analia.

Siku moja adhuhuri, jua likiwa la kupasua kichwa, Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alichukua jembe na chungu akaniambia twende tukachimbe udongo wa kupaka jiko. Nilishangaa. Jiko tulilipaka juzi. Lakini Kukhu hakuulizwa maswali.

Kule kinamasini alitembea ameinama. Alinionyesha konokono waliojifungia mlango kwa utando mweupe, na alipovunja bonge la udongo, chura alikuwa ndani, amekauka kama ganda, ila koo lilikuwa linacheza. "Wote wamefunga nyumba," akasema. "Wanangoja." Kisha akakiona kitundu cha ukubwa wa kidole. Akapiga magoti, akaanza kugonga udongo kwa ncha za vidole, taratibu, tap, tap, kama matone ya kwanza ya mvua. Ndivyo wanaume walivyofanya. Kamongo akisikia anadhani mvua imekuja, anakoroma huko chini, nawe unajua alipo.

Akaniachia nami nijaribu. Nikagonga kwa pupa, kwa viganja vyote viwili.

"Hiyo ni mvua au ni ng'ombe wanapita?" Kukhu akasema. "Mdanganye vizuri, mke mwenzangu. Ana akili kukushinda."

Nikapunguza. Nikaweka sikio kwenye udongo wa moto, na kutoka chini nikasikia mlio mdogo, mzito, kama mtu anayegeuka usingizini.

Kukhu alichimba mpaka jasho likamwingia machoni. Alipovunja lile ganda, kamongo alikuwa amejikunja, mkia umefunika uso, kama mtu asiyetaka kuona siku imefikia wapi. Kukhu alimtazama kidogo. "Utuwie radhi," akamwambia. "Mvua bado." Kisha akampiga kwa mpini, akamtia chunguni, akamfunika kwa udongo.

Hapo ndipo nilipoelewa ni wa nani, na nikaanza kulia. Kukhu alinishika sikio. "Mama yako amezaa saba," akasema. "Tumbo likifungwa, limefungwa. Yule aliyekwisha toka ndiye ninayemtaka. Ukifungua mdomo, watamrudisha mama yako kwao na mtoto atafia njiani. Umesikia?"

Nilisikia. Na njiani, nani tukutane naye kama si Nabwire, na mtungi wake mtupu. Alitusalimu vizuri, akatazama chungu, akatazama mikono ya Kukhu. Pua yake ikacheza. Kukhu akasema ni udongo wa jiko.

"Ni udongo mzuri, mama," Nabwire akajibu. "Utie maji ya majivu. Yanakata shombo."

Akaenda zake. Hakumwambia mtu, sio siku ile, sio baadaye, na sisi ndio tuliokuwa tukimtafuna kisimani kila jioni. Sijui ujuzi wa majivu aliutoa wapi. Nilijizuia kuuliza, na kwangu mimi hiyo ni kazi ngumu.

Kukhu alipika, akatia majivu, akampelekea mama bakuli akisema ni mchuzi wa mbuzi wa matanga ya kule Angurai. Mama alishika bakuli kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho, akaomba tena. Mimi nililamba mwiko nyuma ya nyumba kwa udadisi tu, na nimezaa watoto tisa, sasa lifikirie hilo mwenyewe. Tulirudi kinamasini mara tatu. Siku ya tano kanga ya mama ilikuwa imelowa kifuani. Wandera leo yuko Malaba, anashughulikia karatasi za malori, ana kitambi, na wajukuu wanamwogopa.

Lakini mama hakuzaa tena. Baba alirudi, mvua zikarudi, miaka ikapita, na tumbo la mama likabaki bapa. Watu walisema walichosema. Kukhu alikuwa akimtazama mama kiunoni, halafu ananitazama mimi, halafu anatazama chini. Alianza kumtekea maji mkwewe, jambo ambalo halikuonekana kwetu. Hata siku zake za mwisho aliniita kitandani akasema, "Sisi ndio tulimfunga."

Nimesema siri za watu wengi katika maisha yangu, ila hii niliibeba mpaka nikawa na mvi. Mama alipozeeka, siku moja tunabambua karanga, nikamwambia yote. Aliendelea kubambua.

"Samaki huyo nilikuwa nimempikia baba yako miaka kumi," akasema. "Nisijue harufu yake?"

Nikamuuliza, kwa nini basi alikunywa.

"Mtoto alikuwa anakufa." Akabambua nyingine mbili, tatu. "Na mimi nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nikasema, kama ni kweli anafunga, basi afunge."

Kama ni samaki aliyemfunga, au njaa, au mwili wenyewe uliamua imetosha, mimi sina elimu ya kusema. Ninachojua ni kwamba Kukhu alitembea miaka kumi na tano akiinamisha macho mbele ya mkwewe, na mkwewe alimwacha ainamishe, kwa sababu kumshukuru kungekuwa kusema kwa sauti kwamba mwanamke anaweza kuchoka kuzaa.