Siku Bibi Alipofungua Kilemba

Juzi nilikuwa Tabora, nikapita Cheyo makusudi kuiona baraza ya bibi yangu. Haipo. Pana duka la simu, na kijana wa pale akaniamkia vizuri tu, "Shikamoo mama, nikusaidie nini?" Nikamwambia marahaba, naomba nisimame kidogo. Ngoja nawe nikusimulie nilichokuwa nakitazama.

Enzi za Mwingereza, pale ndipo wanawake wa mjini waliposukia nywele. Mama yake bibi ndiye aliyeanza, akiwasuka wanawake waliopita na misafara kuelekea Ujiji. Bibi akarithi kigoda, chanuo la mti na majigambo. Kila mteja aliambiwa hivyo hivyo: "Nikikusuka mimi, utafika Ujiji hata unywele mmoja haujachomoka." Jumamosi baraza ilijaa. Mafuta ya nazi yalinukia hadi njiani, wanawake wakitafuna karanga nilizokaanga mimi, umbea ukienda mbele. Ukitingisha kichwa, bibi anakugonga na chanuo. Nami niligongwa sana.

Ila kichwa chake mwenyewe hatukukiona. Kilemba asubuhi, kilemba usiku. Akiulizwa anasukwa na nani, anajibu, "Mkono gani mji huu wa kunishika mimi?" Alijifunga mabutu mwenyewe kwa kupapasa, akayafunika, basi.

Kisha akaja fundi mmoja kutoka Dar es Salaam, akapanga chumba karibu na stesheni. Alikuwa na kitana cha chuma, anakiweka kwenye mkaa, anakipitisha kichwani, nywele zinalala chini kama zimepigwa pasi. Mji ukahamia huko. Hata mwalimu wangu akaja darasani ananuka moshi wa nywele, na sisi watoto tukamwona malaika. Jumamosi za bibi zikaanza kupwaya, na vidole vyake navyo vikaanza kuvimba.

Bibi hakulia. Alisimama nje ya kanisa baada ya misa akawatangazia wanawake: "Jumamosi hii nasuka mara ya mwisho. Msije mkasema nilifukuzwa na kitana cha moto. Nafunga mwenyewe." Lakini nyumbani nilimwona hali chakula. Aliogopa Jumamosi ifike asitokee mtu, na baraza ife kimya kimya mbele ya macho yake.

Jumamosi ikafika. Bibi kigodani, chanuo mkononi, baraza tupu. Jua likapanda. Nilikaanga karanga zikapoa, na roho iliniuma mno.

Mara wakaja, kundi zima, jirani yetu mbele. Wengine wamesukwa tayari, wengine wamechoma nywele, hakuna hata mmoja wa kusukwa. Bibi akawaka. "Mmekuja kunionyesha vichwa?"

"Hatukuja kusukwa, mama," jirani akasema. "Tumekuja kukusuka. Fungua kilemba."

 Mikono ya bibi ikapanda polepole, akafungua kilemba, akafumua na mabutu. Nywele nyeupe, nyingi, zikamshukia mabegani, nasi sote tukabaki midomo wazi. Akakaa chini mkekani, mahali pa wateja, kwa mara ya kwanza.

Kila mwanamke alisuka mstari mmoja, naye akiwakaripia wote. "Vuta! Unasuka kichwa au unasuka ukili wa mkeka?" Wakacheka mpaka wakatoa machozi. Yule fundi wa stesheni akaja pia, akasimama pembeni anaona haya, mpaka bibi akasema, "Na wewe njoo, au unaogopa kichwa kisicho na moshi?" Mstari wake ukapinda. Bibi akaupapasa, akamfumulisha, akamwelekeza kidole kwa kidole hadi ukanyooka. Kisha akaniita mimi nisuke wa mwisho, pale juu ya sikio. Nikasuka.

Unadhani alifunika? Wiki hiyo hiyo alikata tiketi ya kwenda kuiona Ujiji, na asubuhi ya safari alipita mji mzima kichwa wazi, akapanda treni ya Kigoma, na kutoka hapo akaenda Ujiji kwa miguu. Maisha yake yote aliwatuma wenzake huko, yeye hajawahi kupaona.

Aliporudi tulijaa stesheni, fundi akiwa mbele yetu sote. Bibi akashuka, akainamisha kichwa tukikague. Tukapapasa mstari kwa mstari, wa jirani, wa fundi, na wangu.

"Umefika," nikasema.

"Nimefika," akajibu, "na hata unywele mmoja haujachomoka."

Baraza imekwenda, kigoda kimekwenda, na wale wanawake wote nimewazika. Kijana wa duka aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, nikafungua kitambaa changu cha kichwa, nikatembea kichwa wazi hadi stesheni.