Saa za Tunu Uwanjani

Mjukuu wangu Tunu alikuwa anasomea miguu ya watu. Hivyo ndivyo nilivyojibu nikiulizwa hapa Kisarawe. Mwenyewe akisema ni stashahada ya kuhudumia majeruhi wa michezo, miaka miwili, chuo kiko Kibaha. Akimaliza vizuri anahamia chuo kikuu. Asipomaliza vizuri, basi.

Tumemlea sisi, mimi na marehemu mke wangu Mwanamvua. Tangu mdogo Tunu ni wa uwanjani. Wenzake wakiumia, yeye anawafunga kwa vipande vya khanga ya bibi yake. Khanga nzima ilikwisha hivyo. Bibi aligomba siku mbili.

Mwanamvua alikuwa mchuaji. Mtu akiteguka, akianguka mnazini, analetwa kwetu. Mafuta ya nazi ya moto, mikono ya Mwanamvua, na kelele za mgonjwa. Wengi walipona. Waliokwenda hospitali baadaye hatukuwahesabu.

Mwaka wa kwanza Tunu alipanga chumba Sofu, huko huko Kibaha. Jumamosi anapanda gari kituo cha Kwa Mathias, anakuja kutuona, anamsimulia bibi yake masomo.

"Bibi, mguu ukiteguka leo, leo hauchuliwi. Unawekwa barafu."

"Barafu! Kwani mguu samaki?" Mwanamvua alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya, mke mwenzangu, endelea. Tumekupeleka chuo ukajifunze barafu."

Mwaka wa pili Mwanamvua akaugua. Tunu alirudi akamuuguza wiki tano. Nilimwambia aende chuo, hakwenda. Bibi yake alimwambia, hakwenda. Mwezi wa tatu tukazika.

Hapo sina maneno mengi.

Baada ya arobaini ndipo Tunu akaniambia. Chuo kina saa za vitendo. Mwanafunzi anasimama uwanjani na timu, mwalimu anatia saini. Za kwake zilipungua kwa zile wiki tano. Zisipotimia kabla ya mwezi wa sita kwisha, cheti hapati, na chuo kikuu kinampita.

"Umebakiza ngapi?"

"Mechi moja, Babu. Lakini mwalimu anakuja kunipima siku hiyo hiyo. Nikiharibu, hasaini."

Kumbe alizikosa kwa ajili yetu.

Mechi ilikuwa hapa hapa Kisarawe, saa kumi alasiri. Nikavaa kanzu ya Ijumaa. Nikatia mfukoni kichupa cha mafuta ya marehemu, kilikuwa bado na robo. Nilidhani namsaidia mtoto.

Mwalimu wake, Elinipa, mama mfupi, alisimama nje ya mstari na karatasi zake. Kocha wa timu yetu ni Jumbe, jirani yangu. Kipindi cha pili beki wetu Kitwana akakanyagwa. Akaanguka, hakuinuka.

Tunu akakimbia na begi. Watu wakaanza.

"Mchue! Mjukuu wa Mwanamvua, mchue arudi!"

Yeye anabonyeza taratibu, anauliza, hapa panauma? Na hapa? Jumbe akamjia juu.

"Binti, vuta huo mguu! Tunaongoza moja, muda unakwenda."

"Kitwana harudi, kocha."

"Kocha nani hapa?"

"Kocha wewe. Lakini mguu ni wa Kitwana."

Watu wakaangua kicheko. Jumbe akanuna, kelele zikazidi. Nikaona mtoto anazidiwa. Alipogeuka kutafuta bandeji kwenye begi, nikaingia uwanjani na kanzu yangu. Nikamwaga mafuta, nikashika kifundo, nikakanda. Kitwana alipiga ukelele ambao nausikia hadi leo.

"Babu, toa mkono."

Hakusema naomba. Sauti ile sijapata kuisikia kwake tangu azaliwe. Nyuma yangu mtu akaguna, "Mh! Babu yake mzazi?"

Nikatoa mkono.

"Mshike mabega, asijitingishe."

Kazi hiyo naijua. Nimeifanya miaka thelathini Mwanamvua akichua. Nikashika mabega. Tunu akafuta mafuta, akachana boksi la maji, akaufunga mguu katikati ya vipande viwili. Akachukua barafu kwa muuza juisi, akaizungushia taulo. Hakukanda hata kidole. Kitwana akapakiwa bajaji, mguu umenyooshwa juu ya begi, akapelekwa hospitali. Jumbe akaingiza mwingine. Tukafungwa mabao mawili.

Mimi mpira sikuuona tena. Nilijua nimeharibu. Kipenga cha mwisho kilipolia nikamfuata mwalimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, kosa ni langu. Mtoto hakuniita. Usimkate alama kwa ajili yangu."

"Nimeshamkata."

Nikajifuta mafuta ya mikono kwenye kanzu.

"Majeruhi haachwi akafikiwa na mtu yeyote," akasema. "Alikupa mgongo, ukaingia. Hapo nimemkata mbili."

"Na saini?"

Akanitazama. "Mzee, kufunga mguu wanajua wengi. Wakishikwa na haya mbele ya wakubwa, wanaacha mtu akandwe mpaka mfupa uhame. Huyu hakukuonea haya."

Akaweka karatasi juu ya goti, akasaini. Nikaomba niione. Sikuisoma, niliuangalia wino tu. Saa zimetimia. Nikakaa chini pale pale kwenye nyasi, na kanzu yangu.

Jioni habari zikaja kutoka hospitali. Picha imeonyesha mfupa umepasuka, lakini haujahama. Daktari kauliza nani aliufunga. Kesho yake Jumbe alinipitia nyumbani.

"Mzee Hussen, ungekanda dakika moja zaidi ungetupa mguu wa chapati."

"Nasikia."

"Lakini tumefungwa."

"Mmefungwa kweli."

Alipoondoka, Tunu akaniletea chai, akakaa kwenye mkeka. Alikuwa hanitazami.

"Babu, nilikukosea jana. Mbele za watu."

"Hukunikosea. Kanzu ndiyo imeingia mafuta. Hiyo utaifua wewe."

Akacheka. Na mimi nikacheka. Nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko tangu mwezi wa tatu.

Alimaliza. Mwezi wa kumi akanipigia simu asubuhi akiwa Kwa Mathias, makonda wanapiga kelele nyuma yake.

"Babu! Chuo kikuu wamenichukua!"

"Haya," nikasema, nikakata simu.

Nikafunga mlango, nikajilaza kitandani upande wangu. Nikamwambia marehemu, mtoto kavuka. Kisha nikapitiwa na usingizi, usingizi mzito nilioukosa tangu tumzike, mpaka nikashtushwa na mlango kugongwa kwa ngumi. Alikuwa jirani yetu Hamisa.

"Mzee Hussen! Mzee! U mzima humo?"

"Mzima."

"Mlango umefungwa tangu asubuhi, tumeingiwa na hofu!"

"Nimelala tu, Hamisa. Niache nilale."