Nilivyokwenda Zaria Kuposa

Tangu nirudi kutoka Zaria, mji wa kale wa Wahausa, wenzangu wa Bur Dubai wanaisimulia safari yangu kuliko mimi. Basi ipateni kwa mwenyewe: mtu aliyeingia Dubai akibeba matofali, akasoma jioni mpaka diploma ya viyoyozi, na leo analala chumba chake mwenyewe Silicon Oasis, bila wa kumkoromea.

Nilikwenda kuposa. Binti anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli hapa Dubai, na alikuwa ameniambia wazi: baba akikataa, khalas. Kaka yake, muuza vitambaa aliyejifunza Kiswahili kwa Wazanzibari wa mtaa wa Al Ras, Dubai, ndiye aliyenipeleka.

"Mbele ya mzee unachuchumaa, unatazama chini, kimya," alinionya tukipita lango la ukuta wa udongo. "Kwetu mposaji ana haya."

"Na diploma yangu?"

"Nayo iwe na haya."

Nikachuchumaa mbele ya mzee na ndugu zake wawili. Magoti yaliwaka moto, mdomo nikaufunga. Kisha mwenyeji wangu, yule muuza vitambaa, akanipa maji. Kumwita shemeji kabla baba hajakubali ni kujipakulia chakula cha watu, kwa hiyo nikasema kwa adabu, na kwa sauti: "Ahsante sana, kaka!"

Kumbe kwa Kihausa kaka ni babu.

Bibi yake binti alicheka nyuma ya pazia mpaka akatoka. "Marehemu mume wangu karudi! Tena na meno yote!"

Muuza vitambaa akanitafsiria huku akifuta machozi, akaongeza lake kwa sauti ya kibabu: "Haya, mjukuu wangu, njoo unikande miguu."

Mzee akajiziba uso kwa mkono wa kanzu, akaondoka. Nikajua nimemkosa binti. Anayezama hushika alichonacho. Nikaichomoa diploma, nikampa bibi kwa mikono miwili, nikimweleza kazi yangu kupitia mjukuu wake. Akaitazama mbele na nyuma, kisha akaanza kujipepea nayo.

"Kweli," akasema, "fundi wa ubaridi."

Mzee akarudi. Macho yalikuwa mekundu kwa kicheko, lakini uso ameunyoosha kama kadhi. Mkononi alishika kokwa chungu za mti wa kola tulizoleta kwa posa. Akavunja moja, akawagawia ndugu zake, wakatafuna. Kwao kola ya posa ikishaliwa, binti ametolewa.

Nilimpigia binti simu papo hapo. "Wamekula kola," nikamwambia.

Nilisikia tu simu za hoteli zikilia mbele yake, moja baada ya nyingine, bila mtu wa kuzipokea.